Protini ni aina mbili, tatu au saba? Hemoglobini naiweka kundi gani?

binti_wa_likoni

Hamjambo humu ndani, nawaomba mnisaidie. Mie nasomea uuguzi hapa Mombasa, mwaka wa kwanza, na hii topiki ya protini yanichanganya kweli. Kitabu kimoja chasema protini ni aina mbili basi, za nyuzi na za mviringo. Noti za lekchara zasema ni tatu, sahili, ambatani na zile zitokanazo. Halafu nikaingia YouTube nikakuta jamaa azigawa kwa kazi, wa kwanza akafika saba, wa pili akafika tisa, kila video na hesabu yake. Na nyumbani nikiuliza naambiwa protini ni chakula cha kujenga mwili, kama tulivyofunzwa shule ya msingi, yakaishia hapo.

Sasa swali langu hasa ni hili, hemoglobini naiweka wapi? Kwa kitabu iko kwa za mviringo, kwa noti iko kwa ambatani, kwa video iko kwa zinazobeba. Zote ziko sawa ama kuna moja ndo sahihi na hizo nyengine nizisahau? Na insulini je, mbona haijengi kitu chochote na bado yaitwa protini? Nataka kuelewa, kukariri naweza lakini hakunisaidii, wodini ntakutana na wagonjwa wa sukari na wa seli mundu na sipendi kumpa mtu dawa bila kujua ndani mwake kunaendelea nini.

Mwalimu Mstaafu

Zote tatu ziko sawa mwanangu, na ukishaona kwa nini ziko sawa hiyo topiki nzima yakufungukia. Vitabu havibishani, kila kimoja chauliza swali lake. Mtu wa hapa mjini waweza kumjua kwa mtaa kuwa ni wa Kuze, kwa kazi kuwa ni nahodha, kwa ukoo kuwa ni wa kina fulani, na ni mtu yule yule mmoja. Protini nayo yaulizwa una umbo gani, umeundwa na nini, wafanya kazi gani, na ukiliwa wamfaa mlaji kiasi gani. Maswali manne, kwa hivyo migao minne, na hemoglobini ina jibu kwa kila moja.

Lakini anza chini kabisa. Kila protini ni mnyororo wa asidi amino, na asidi amino zinazotumika kwa kawaida ni 20 tu. Tofauti iko kwenye ni zipi, ngapi, na zimefuatana vipi, na huo mfuatano watoka kwenye jeni zako. Insulini ni ndogo, ina 51 tu, minyororo miwili, mmoja wa 21 na mwengine wa 30. Hemoglobini ina 574 kwa minyororo minne. Ndani ya misuli kuna moja yaitwa titini, hiyo yapita 30,000. Kuna wakati wanasayansi wengine walikuwa na shaka kama protini zina mpangilio maalum hata kidogo, mpaka Mwingereza Frederick Sanger alipokaa miaka akaisoma insulini asidi moja baada ya nyengine mpaka mwisho, akapewa tuzo ya Nobel 1958. Mie kazi ile naiheshimu sana, kwa sababu ndiyo iliyoonyesha kwamba protini moja ina mpangilio wake mmoja, haubahatishwi.

Sasa ule mnyororo haukai umenyooka, wajikunja. Ndo pale noti zako zinaposema ngazi nne. Ya kwanza ni mfuatano wenyewe. Ya pili ni misokoto na mapindo madogo madogo. Ya tatu ni umbo zima la mnyororo mmoja ukishajikunja wote. Ya nne ni minyororo kadhaa kukaa pamoja. Mioglobini iliyoko ndani ya nyama ni mnyororo mmoja, yaishia ngazi ya tatu. Hemoglobini yafika ya nne, ni alfa mbili na beta mbili zimeshikana. Na shika sana hapa, UMBO NDILO LINALOFANYA KAZI. Protini ikipoteza umbo yapoteza kazi hata kama asidi amino zake zote zipo.

Kwa umbo basi. Za nyuzi ni zile zilizosokotwa kwa urefu, hazitaki kuyeyuka kwenye maji, kazi yake ni kushika na kustahimili. Kolajeni ndiyo nyingi zaidi katika mwili wako, iko kwenye ngozi, mifupa, kano, kuta za mishipa, na ni minyororo mitatu imesokotwa pamoja. Vitamini C yahitajika ili kolajeni isokotwe ikashika vizuri, ndo mana mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda walivuja damu kwenye fizi na vidonda vya zamani vikafunguka upya. Yaani ni ugonjwa wa protini hata kama chanzo ni kukosa ndimu. Nyengine ni keratini, ya nywele, kucha na ngozi ya juu. Hina anayopakwa bibi harusi yashika kwa sababu rangi yake yajifunga na keratini, na ndo mana kwenye kiganja na nyayo, pale ngozi ya juu ilipo nene, yakolea kuliko mkono wa juu. Na elastini, hiyo yavutika ikarudi, mapafu na mishipa mikubwa ya damu yaitegemea.

Za mviringo ni zile zilizojikunja zikawa donge, nyingi zayeyuka kwenye maji, na hizi ndo zenye pilika, enzaimu karibu zote, kingamwili, albumini, insulini, hemoglobini.

Kwa muundo sasa. Sahili ni ile ambayo ukiivunja wapata asidi amino peke yake. Albumini ya damu ni mfano. Ambatani ni ile iliyobeba kitu kisichokuwa asidi amino, na bila kitu hicho kazi haiendi. Hemoglobini imebeba hemu, na katikati ya kila hemu kuna chuma, nne kwa nne, kwa hivyo molekuli moja yabeba oksijeni nne. Kaseini ya maziwa imebeba fosfati. Ile mizigo ya kolesteroli mnayopima hospitalini ni protini zilizoshikana na mafuta. Nyingi zinazokaa juu ya seli zina sukari. Na hapa Pwani tuna mfano mzuri kuliko wa kitabuni, pweza. Pweza hana hemoglobini, ana hemosiyanini, hiyo yabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma, na damu yake ikipata oksijeni yawa buluu. Tena haimo ndani ya seli kama ya kwetu, yaelea tu kwenye maji ya damu. Kazi ile ile, chuma kimebadilishwa na shaba, protini yenyewe ni nyengine kabisa. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia wakishaelewa pweza wameelewa ambatani.

Kwa kazi, usihangaike kama ni saba au tisa, hiyo idadi yategemea mtu ameunganisha zipi. Kuna za kuharakisha mabadiliko ya kikemia, hizo ni enzaimu, na ni kundi kubwa mno. Kuna za kubeba, za kushikilia mwili, za kuvuta kama aktini na miosini kwenye misuli, za kulinda, za kupeleka habari kama insulini, za kupokea hizo habari juu ya seli, na za kuweka akiba kama feritini inayoweka chuma. Ndo mana hilo neno la kujenga mwili ni kweli lakini ni dogo sana kwa kitu chenyewe. Wewe hapo ulipo wasoma hii, macho yako yanaona kwa sababu kuna protini inayopokea mwanga, kidole kinasogeza simu kwa sababu miosini inavuta aktini, na chai uliyokunywa inashughulikiwa na enzaimu. Hakuna hata moja hapo inayojenga.

fundi_maabara

Mwalimu shikamoo, umemaliza kila kitu lakini niongeze ya huku kwetu maabara kwa sababu huyu dada ataletewa karatasi za majibu kila siku.

Dadangu, ukiona kwenye fomu imeandikwa albumini na globulini ujue huo nao ni mgao wa zamani sana, watu walizigawa protini kwa kuangalia zayeyuka wapi. Albumini yayeyuka kwenye maji matupu. Globulini maji matupu zakataa, zataka maji yenye chumvi kidogo. Prolamini za nafaka zayeyuka kwenye alkoholi. Mgawanyo huo umezeeka lakini majina yamebaki na twayatumia mpaka leo.

Albumini yatengenezwa na ini, na ndiyo zaidi ya nusu ya protini zote za kwenye plazma, yaani maji ya damu. Ina kazi mbili kubwa, yabeba vitu ambavyo peke yake haviyeyuki vizuri, mafuta, bilirubini, dawa nyingi tu, na pia yavuta maji yabaki ndani ya mishipa. Mgonjwa wa ini au wa figo albumini yake ikishuka sana maji yatoka kwenye mishipa, miguu yavimba, tumbo lajaa. Kwa hiyo ukimwona mtu amevimba usifikirie chumvi na moyo peke yake, tazama na albumini. Na mama mjamzito akija kliniki mkojo wake twachovya kile kijiti cha rangi, hasa chatafuta albumini, manake figo nzima haiachii albumini ipite kwa wingi. Ikionekana na presha iko juu hilo si la kungoja.

Sasa seli mundu, hapa naomba usome pole pole kwa sababu hapa Pwani utaiona sana. Mnyororo wa beta wa hemoglobini una asidi amino 146. Kwa mtu wa seli mundu, ile ya sita, inayofaa kuwa asidi glutamiki, imekuwa valini. Moja tu! Mnyororo mzima uko sawa isipokuwa hapo. Asidi glutamiki ina chaji hasi na yapenda maji, valini haina chaji na yakimbia maji. Kwa hivyo hemoglobini ikishaachia oksijeni yake, ile valini yatafuta pahala pa kujificha, yaingia kwenye kijishimo cha hemoglobini ya jirani, na huyo jirani naye ashika mwengine, mpaka zapangana zikawa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli. Yaani protini ya mviringo imegeuka ya nyuzi mahali ambapo haikutakiwa. Seli yapindika, yakwama kwenye vishipa vidogo, hapo ndo mgonjwa alia kwa maumivu ya mifupa. Na seli zenyewe hazidumu, ya kawaida yaishi siku kama 120, hizi zafa mapema mno, ndo upungufu wa damu na macho ya manjano.

Linus Pauling na wenzake 1949 walionyesha kwamba hemoglobini hii yatembea tofauti kwenye umeme kuliko ya kawaida, hiyo ni kwa sababu ya ile chaji iliyopotea, na mpaka leo kipimo cha kutenganisha kwa umeme twakifanya kwa msingi huo huo. Halafu Vernon Ingram akaja kuonyesha ni asidi amino moja hiyo ndiyo iliyobadilika. Na kuna Anthony Allison, huyu alikulia Kenya, aliona watu wenye kurithi hali hii kutoka kwa mzazi mmoja ni wengi huku Pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini kwenye nyanda za juu ni wachache mno. Akauliza kuna nini huku na huko ambacho huko juu hakuna, malaria. 1954 akachapisha kwamba aliyerithi jeni moja ana kinga dhidi ya malaria. Kwa hivyo dadangu ukikutana na mama ana mtoto wa seli mundu na anajilaumu, mwambie hii ilibaki kwenye damu zetu kwa sababu iliwaokoa wengi, na mtoto wake amerithi pande zote mbili, si laana wala si kosa la mtu. Mie nasema hili kwa uzito kwa sababu nawaona hao kina mama wakija kuchukua majibu, na wengine huwa wameshalaumiwa na ukoo kabla ya kufika.

Jambo jengine, watoto hawa wakizaliwa huwa hawana dalili miezi ya mwanzo, kwa sababu mtoto mchanga ana hemoglobini ya tumboni, hiyo haina mnyororo wa beta kabisa, mahali pake pana mnyororo mwengine uitwao gama. Ikishapungua beta ikichukua nafasi ndo shida yaanza. Na ile dawa ya haidroksiurea wanayopewa, mojawapo ya kazi zake ni kuirudisha ile ya gama iongezeke. Ukijua hilo hutampa mgonjwa kidonge bila kujua chaenda kufanya nini, kama ulivyosema.

mama_mahamri

Hodi jamani, mie si msomi wa haya mambo lakini nimesoma mpaka mwisho na nimefaidika, hasa ya pweza. N'na maswali mawili mtanisaidia. La kwanza, mie hupika mishkaki, nyama ikiwa ngumu naipaka papai bichi lililosagwa na kweli yalainika, ila nikiisahau usiku kucha asubuhi yawa kama uji, hiyo ni nini? La pili, mwanangu ameambiwa kliniki aongezwe protini. Nyama kila siku siwezi, bei yaijua nyote. Asubuhi twala mahamri na mbaazi za nazi. Hizo zamtosha ama namdanganya tumbo?

Afisa Lishe MSA

Mama yangu humdanganyi, na nafurahi umeuliza kwa sababu hapa ndipo ule mgao wa nne wa mwalimu unapoingia.

Katika zile asidi amino 20 kuna 9 ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Chakula chenye zote tisa kwa kiasi cha kutosha twasema protini yake ni kamili, samaki, mayai, maziwa, nyama, na kwa mimea soya yakaribia sana. Chakula kinachopungukiwa na moja au mbili chaitwa kisokamili. Ngano imepungukiwa na laisini. Mbaazi, kunde, pojo, maharagwe, hizo laisini zinayo nyingi, zilichopungukiwa ni methionini, na methionini ngano inayo. Sasa angalia sahani yako ya asubuhi mama, hamri ni ngano, mbaazi ni mbaazi, kilichokosekana kwa huyu kiko kwa yule. Watu wa Pwani walikuwa wakila hivyo kabla hatujazaliwa sisi wa lishe. Wali na maharagwe ni vivyo hivyo, na ugali na kunde pia, manake protini kubwa ya mahindi, zeini, ina laisini kidogo na triptofani kidogo, mtoto akilishwa uji wa mahindi mtupu miezi na miezi anaweza kuonekana ameshiba na huku apungukiwa. Tena si lazima vikutane sahani moja wakati mmoja, ndani ya siku ile ile yatosha.

Kwa hivyo mbaazi aongezewe, usimpe kijiko kimoja juu ya mahamri matatu, geuza, mbaazi ziwe nyingi. Yai moja lina protini kama gramu 6, ukipata hata moja kwa siku ni msaada mkubwa. Dagaa wazima, wakavu, hata waliosagwa ukaweka kwenye mchuzi, ni protini kamili na kalisiamu juu. Na kama mtoto amevimba miguu au nywele zimebadilika rangi au hataki kula kabisa usikae na ushauri wetu wa hapa, mrudishe kliniki leo, utapiamlo wa namna hiyo wataka wataalamu.

Kitu ambacho watu wengi huwa hawakijui, si kila kitokacho kwa mnyama ni kamili. Supu ya kongoro tunayoambiwa yaongeza nguvu, ile inayoganda ikipoa, kinachoganda ni jelatini, nayo ni kolajeni iliyochemshwa mpaka misokoto yake ikaachana. Jelatini haina triptofani kabisa. Mie sikatazi supu, ni tamu na ina mengine, lakini ukimpa mgonjwa supu peke yake ukahesabu umempa nyama, hapo hapana, mpe na mnofu.

Sasa papai. Utomvu wa papai bichi una enzaimu yaitwa papaini, kazi yake ni kukata minyororo ya protini, hata kolajeni na nyuzi za misuli yazikata. Hiyo nayo ni protini mama, protini yakata protini nyenzake. Ukiiacha saa moja mbili imekata kiasi, ukiiacha usiku kucha imekata mpaka hakuna cha kutafuna. Ukishaweka mishkaki motoni papaini yenyewe yaharibiwa na moto na kazi yaisha. Papai likiiva enzaimu hiyo hupungua sana, ndo mana twatumia bichi.

Na hapo ndipo utaelewa kwa nini insulini hupewa kwa sindano, binti wa Likoni. Tumboni mwako una enzaimu za namna hiyo, pepsini kwenye asidi kali ya tumbo, halafu tripsini kwenye utumbo mdogo. Hazibagui, protini yoyote ipitayo yakatwa. Mgonjwa akimeza insulini itakatwa kama vile ni kipande cha samaki, asidi amino zitaingia mwilini lakini insulini haipo tena. Kwa hivyo ni sindano. Na wagonjwa watakuuliza hilo swali kila wiki, kwa nini nisipewe kidonge, uwe na jibu.

binti_wa_likoni

Wallahi nimepata kuliko semesta nzima, Mungu awalipe. Mwalimu ngoja nijaribu mwenyewe uniambie kama niko sawa. Kingamwili, umbo ni za mviringo, muundo ni ambatani kwa sababu zina sukari, kazi ni kulinda, ngazi ni ya nne kwa sababu zina minyororo minne. Kolajeni, umbo ni nyuzi, kazi ni kushikilia, na kwa chakula ni isokamili. Albumini, mviringo, sahili, kubeba na kuvuta maji, ngazi ya tatu.

Ila kuna kitu hakuna alokigusa, zile zitokanazo. Hizo noti zimeandika mstari mmoja tu. Na yai likichemshwa protini yake imeharibika ama bado ni protini? Kuna mtu darasani asema ukipika yai wapoteza protini yote kwa hivyo ale mabichi.

Mwalimu Mstaafu

Uko sawa kote. Kwa kingamwili ongeza tu kwamba minyororo minne hiyo ni ile ya kawaida ya umbo la Y, mizito miwili na myepesi miwili, na zile ncha mbili za juu ndizo zinazoshika adui. Kuna aina nyengine, M, ambayo hizo Y tano zimeungana, na ndiyo yatangulia kutoka maambukizi yakiwa mapya.

Zitokanazo ni protini iliyobadilishwa na kitu, moto, asidi, au enzaimu. Zingine zimebadilika umbo tu, mnyororo haujakatika. Zingine zimekatwa, ukikata kidogo wapata vipande vikubwa, peptoni, ukiendelea wapata peptaidi fupi, na mwisho asidi amino zenyewe. Ile jelatini ya afisa lishe ni moja ya hizo. Si kundi la protini zinazofanya kazi mwilini mwako kama hemoglobini, ni kundi la protini zilizokwisha kubadilishwa, na mie naona ndo mana vitabu vipya vyalipita haraka.

Huyo wa mayai mabichi mwambie aache. Moto wafungua mikunjo, ile mishiko dhaifu inayoshika umbo yaachia, minyororo ya jirani yashikana ovyo, ndo ute ulokuwa wazi wawa mweupe mgumu. Lakini viungo kati ya asidi amino na asidi amino havikatiki kwa maji ya kuchemka ya dakika kumi. Kazi imepotea, chakula kimebaki, tena chameng'enyeka vizuri zaidi kwa sababu enzaimu za tumboni zapata pa kukata. Ute mbichi una protini yaitwa avidini, yashika biotini, ambayo ni vitamini, na kuizuia isifyonzwe, ukipika avidini yaachia. Na bakteria wa salmonela juu ya hayo.

fundi_maabara

Na akitaka ushahidi ni rahisi, akiingia maabara afanye kipimo cha biureti. Ute mbichi kwenye tyubu moja, ute ulochemshwa ukasagwa kwenye nyengine, kila moja aweke sodiamu haidroksaidi halafu matone ya kopa salfeti. Zote mbili zitakuwa zambarau, manake kipimo hicho chaangalia viungo vya asidi amino, hakiangalii umbo. Halafu aweke na tyubu ya tatu yenye asidi amino moja moja, glisini kwa mfano, ile haitapata hiyo zambarau, itabaki na ubuluu wa kopa, kwa sababu hapo mnyororo hakuna. Avae glavu tu, hiyo haidroksaidi yachoma.